Kukagua shamba la kuhamia kando ya Ziwa Victoria: nenda Oktoba, rudi Mei

Swali: Tunaishi Nyakato, Mwanza, mimi, mke wangu na watoto wanne. Tunataka shamba la kuhamia, tulime chakula chetu, tufuge, na tuweze kujikimu miezi mitatu hata kama barabara imekatika, mvua imegoma au kipindupindu kimefunga minada. Tumeoneshwa ekari 5 zinazogusa ziwa upande wa Magu, tambarare, na dalali anasema maji hayakauki hapo kamwe. Kuna nyingine 5 kama kilometa 2 kutoka ufukweni, zina mteremko na mawe, bei ya chini. Dalali anatuharakisha. Tukague nini kabla ya kulipa?

Jibu: Ndugu yangu, msitoe hata kishika uchumba kabla hamjaliona kila shamba mara mbili. Safari ya kwanza iwe mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla mvua za vuli hazijakolea. Ya pili iwe mwanzoni mwa Mei, masika ikielekea kuisha. Oktoba itawaonesha kama maji yapo kweli, na Mei itawaonesha yanapokwenda yakizidi. Dalali hupenda kupeleka wateja Januari na Februari, wakati kila kitu ni kijani na njia inapitika. Miezi hiyo haisemi lolote juu ya shamba. Akiwaambia kuna mteja mwingine anakuja kesho, mwacheni huyo mteja achukue.

Nianze na shamba la ufukweni, maana ndilo naona limewavutia. Kuwa karibu na ziwa si sawa na kuwa na maji ya uhakika, na sababu ni tatu.

Ya kwanza ni ziwa lenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria, karibu asilimia 80, ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, kwa hiyo misimu miwili mikubwa ikifuatana inatosha kulipandisha. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Likashuka taratibu, mwaka 2006 likawa chini sana hadi watu wakajenga na kulima palipokuwa maji, kisha Mei 2020 likarudi kwenye kile kimo cha 1964. Waliojenga kwenye ardhi "mpya" wakakuta nyumba zimo ndani ya ziwa. Sasa fanyeni hesabu ya shamba hilo tambarare. Kama ardhi inapanda mita 1 kwa kila mita 100 za kwenda bara, ziwa likipanda mita 2 linaingia mita 200 ndani. Ekari moja ni kama hatua 70 kwa 70, kwa hiyo mita 200 zinameza upana wa ekari tatu kwa mpigo.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Chukueni mpira mwembamba unaoona ndani, wa mita 20, ujazeni maji bila mapovu, mmoja ashike ncha moja kwenye ukingo wa maji na mwingine apande nayo huku mkisoma tofauti kwenye fito zilizowekwa alama. Ni ule ule mpira wa levo wa fundi mwashi. Rudieni hatua kwa hatua hadi mfike mahali mnapotaka kujenga, mkijumlisha. Kwa maoni yangu nyumba, choo, ghala na kisima visikae chini ya mita 4 juu ya usawa wa ziwa. Kumbukeni pia kwamba ziwa hupanda na kushuka kila mwaka, likiwa juu zaidi Mei na Juni na chini zaidi Oktoba na Novemba, kwa hiyo kipimo cha Oktoba kinawadanganya kidogo kwa faida ya muuzaji. Angalieni alama: miti iliyokauka imesimama majini, msitari mweupe kwenye miamba, magamba ya konokono shambani, mafunjo yaliyoota katikati ya kile kinachoitwa shamba. Mtafuteni mzee anayekumbuka maji ya Uhuru, yale ya 1961 hadi 1964, yalifika wapi, awaoneshe kwa kidole. Kama eneo liko karibu na Mto Simiyu unaomwaga maji yake Ghuba ya Speke, ulizeni na mafuriko ya mto, maana hayo huja kwa siku moja wakati ya ziwa huja kwa miezi.

Ya pili ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Muuzaji atapima ekari zake kuanzia kwenye maji na kuwadai bei ya ekari 5. Toeni mita 60 mbele yote ya shamba, halafu hesabuni mnachonunua kweli. Shamba lenye ufukwe wa mita 150 linapoteza mita za mraba 9,000, yaani zaidi ya ekari 2.

Ya tatu ni kichocho. Ufukwe wa Mwanza una kichocho cha tumbo kwa wingi, na watoto wanaochota maji na kuogelea ndio wanaoumia zaidi. Dawa ipo, praziquantel, lakini haizuii kuambukizwa tena wiki inayofuata. Mkitumia maji ya ziwa, yavuteni kwa pampu hadi tangi lililofunikwa, msipitishe konokono, yakae saa 48 ndipo muoge au mfulie. Viluwiluwi vya kichocho hufa ndani ya muda huo vikikosa mtu wa kumwingia. Kwa kunywa hilo halitoshi, kwa sababu vijidudu vya kipindupindu na kuhara havijali saa 48, hivyo chemsheni au wekeni klorini. Sehemu zenye matete ulizeni pia habari za mamba na viboko. Kiboko mmoja anamaliza bustani usiku mmoja.

Tuje kwenye lile la kilometa 2, lenye mteremko na mawe. Mimi ningeanza ukaguzi wa makini hapo. Maji ndiyo swali lake kubwa, na linajibika kwa hesabu.

Watu 6 kwa lita 20 kila mmoja ni lita 120 kwa siku. Kutoka mwisho wa Mei hadi vuli ishike ni kama siku 150, kwa hiyo mnahitaji lita 18,000 kwa ajili ya watu tu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita 8 kwa 10 ni mita za mraba 80. Mwanza mjini hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka, na ukienda mashariki na bara kuelekea Magu na Kwimba hupungua. Basi chukueni mwaka mbaya wa milimita 600, ondoeni sehemu ya tano inayopotea: 80 × 600 × 0.8 ni lita 38,400. Mvua inatosha hata mwaka mbaya. Kinachopungua huwa ni chombo cha kuihifadhi. Simtanki mbili za lita 10,000, zilizojaa kufikia Mei, zinavusha familia yenu kiangazi chote. Tangi la lita 1,000 chini ya bati kubwa, ambalo ndilo watu wengi huweka, linajaa kwa mvua moja na kuisha kwa siku nane.

Mambo yanayoharibu mfumo huu ni yale yale kila mahali. Gata limelala bila mteremko, maji yanamwagika katikati; liwekeni lishuke angalau sentimeta 1 kila mita 1. Hakuna bomba la kutoa maji ya mwanzo yanayoosha kinyesi cha ndege na vumbi. Lita 40 za kwanza baada ya kiangazi zisiingie tangini. Tangi limekaa juu ya matofali yasiyo na msingi, likijaa linabeba tani 10, linainama na kupasuka shingoni. Mdomo hauna wavu, mbu wanazaliana ndani. Na kama shamba lina jabali pana tupu la itale, kama yalivyo mengi Usukuma, msilione kama hasara: ukuta mdogo wa saruji wa kuelekeza maji pembezoni mwa jabali unalifanya kuwa paa kubwa bila gharama ya bati. Maji hayo yawe ya mifugo na bustani.

Mifugo huhesabiwa peke yake. Ng'ombe mmoja hunywa lita 30 hadi 40 kwa siku, mbuzi 4 au 5, kuku 100 kama lita 25. Ng'ombe wanne wanatumia maji sawa na nyinyi wote sita au zaidi. Kwa hiyo kisima kinahitajika, na kama kipo tayari au jirani anacho, kipimeni Oktoba. Pete ya kisima ya kipenyo cha mita 1 ina lita 785 kwa kila mita ya kina cha maji. Teremsheni kamba yenye jiwe mpime usawa, choteni hadi ushuke mita 1, kisha angalieni saa mpaka urudi. Ukirudi kwa saa 3, kisima kinatoa karibu lita 260 kwa saa, kinawafaa. Ukirudi kesho yake asubuhi, ni kisima cha kunywa tu. Ardhi ya miamba ya itale hushika maji kwenye nyufa, kwa hiyo kisima cha jirani kilichofanikiwa mita 50 kutoka kwenu hakithibitishi chenu. Kabla ya kuchimba kirefu lipieni upimaji wa maji chini ya ardhi, na ulizieni kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria iliyopo Mwanza. Ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, nayo inajua visima vya vijijini vilivyochimbwa vikakauka, na habari hiyo ni ya thamani kuliko maneno ya dalali.

Pelekeni sampuli maabara ya maji Mwanza. Ombeni vimelea vya kinyesi, naitreti, chumvi na floraidi, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Shamba likiwa jirani na machimbo ya dhahabu, kama sehemu za Misungwi, Sengerema na Geita, ongezeni arseniki na zebaki. Kuchemsha hakuondoi hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Udongo. Wasukuma waliusoma zamani na majina yao bado ni ramani nzuri kuliko picha ya simu. Juu karibu na mawe kuna luseni, mchanga mwepesi unaofaa mihogo, viazi vitamu, karanga, na kujengea nyumba. Katikati utakuta itogolo, na mara nyingine ibambasi, udongo ulioshikamana ambao jembe hugonga na maji hutuama juu. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi mzito wa majaruba ya mpunga. Shamba bora la kujitegemea ni refu na jembamba, linaloshuka kutoka luseni hadi kugusa mbuga, kwa sababu mwaka wa mvua nyingi mpunga unatoa na mwaka wa ukame mihogo inabaki. Shamba la mbuga tupu ni kuweka mayai yote kwenye tenga moja. Nyumba juu ya mbuga ni kosa la gharama: udongo huo huvimba masika na kupasuka kiangazi, na kuta hufuata.

Chimbeni mashimo matatu ya kina cha mita 1: juu, kati, chini. Mkikuta madoa ya kijivu yenye kutu, hapo maji hutuama kila mwaka. Kisha shimo dogo la sentimeta 30 kwa kila upande, lijazeni maji, yakiisha jazeni tena na mpime. Yakishuka chini ya sentimeta 1 kwa saa, panafaa jaruba au bwawa, wala msichimbe choo cha shimo hapo. Choo kikae mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, yale ya Mei.

Chakula kwa kifupi, kwa sababu wengi huanza na hesabu ya ekari kabla ya kujua wanakula nini. Watu 6 wanatumia nafaka kama kilo 2.4 kwa siku, gunia 9 za kilo 100 kwa mwaka. Akiba ya miezi mitatu ni kilo 216 za nafaka na kilo 45 za maharage au kunde. Mkulima mdogo asiye na mbolea hupata gunia 5 hadi 8 za mahindi kwa ekari, na mwaka mbaya nusu yake. Kwa hiyo ekari 1 na nusu ya mahindi na mtama, na nusu ekari ya mihogo inayobaki ardhini kama ghala. Lakini kagueni mihogo ya majirani kabla ya kuitegemea: ugonjwa wa michirizi ya kahawia huacha majani yakionekana mazima huku kiazi kimeoza ndani, hivyo kateni viazi kadhaa mwone. Mbegu ulizieni kituo cha utafiti cha TARI Ukiriguru, Misungwi, msichukue vijiti vya bure barabarani. Viazi vitamu vikatwe vikaushwe michembe, au vichemshwe kwanza vikaushwe matobolwa. Vinakaa miezi bila sumu yoyote.

Mahindi ndiyo yanayohitaji uangalifu. Dumuzi, aliyeingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, anageuza gunia kuwa unga kwa miezi mitatu. Nafaka ikihifadhiwa na unyevu huota sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kausheni juu ya turubai, si ardhini. Jaribuni: chupa kavu ya kioo, mahindi hadi theluthi moja ya chupa, vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisheni juani. Yakishakauka, yatieni kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Pulizeni kila mfuko wa ndani kwanza kutafuta tundu, fungeni kila tabaka peke yake, na msifungue kwa miezi miwili. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, lakini tundu moja la panya linafuta kazi yote.

Sasa njia. Barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma ni ya lami na haitawasumbua. Kinachowafungia nje ni kilometa 3 za mwisho, zinapopita mbugani. Mei pitieni kwa bodaboda baada ya mvua kubwa, mtaje kila kalavati na kila mahali pikipiki inaposukumwa. Kama kuna njia moja tu ya kutoka na inavuka korongo, lihesabieni shamba hilo kama kisiwa. Visiwa vyenyewe, Ukerewe na Ukara, vina mvua nzuri, ila mgonjwa wa usiku husubiri chombo, na dhoruba za ziwani hupenda saa za usiku wa manane hadi alfajiri. Upande wa Sengerema umepata nafuu kubwa tangu Juni 2025, daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa.

Pimeni kwa saa, si kwa kilometa: zahanati, kituo cha afya chenye upasuaji wa uzazi, hospitali ya wilaya, halafu Sekou Toure na Bugando mjini. Piteni zahanati yenyewe mkaulize kama ina vipimo vya malaria na dawa leo, na kama gari la wagonjwa au dereva wa mfumo wa m-mama, namba 115 kwa wajawazito na watoto wachanga, hufika kijijini hapo masika. Simameni mahali pa nyumba mpige simu kwa mitandao miwili tofauti.

Umeme msiuumie kichwa. Taa 4, simu mbili na redio ni kama wati-saa 150 kwa siku. Paneli ya wati 80 na betri ya risasi ya ampea-saa 50 zinavusha siku mbili za mawingu. Kuni ndizo zinazosahaulika. Ulizeni wanawake wa kijiji wanatembea saa ngapi kwenda kuokota, na tengeni robo ekari ya miti mwaka wa kwanza.

Kuhusu hati, karatasi ya mauziano iliyosainiwa na mwenyekiti wa kitongoji peke yake haiwalindi. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Na. 5 ya 1999, na nyinyi si wakazi. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji, ombeni jambo lipite halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, mpate nakala ya muhtasari, ndipo mwombe hati ya haki miliki ya kimila kwa jina lako na la mkeo. Mke wa muuzaji na ndugu waliorithi pamoja naye wasaini wote. Ulizeni ramani ya matumizi bora ya ardhi, isije ikawa mmeuziwa ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, au njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Mkiwa huko, kaeni na majirani wa pande zote nne mtembee mipaka pamoja nao. Jirani anayekataa kutembea mpaka ana sababu. Ulizeni pia kikundi cha mazishi, sungusungu na zamu za kisima vinaendeshwaje na mgeni anaingiaje. Nyumba ikiungua usiku au mtoto akishikwa na kuhara, hao ndio watakaofika kwanza.

Kwa hali mliyoeleza, ningewashauri mkodi ekari 1 ya lile la mteremko kwa msimu mmoja, kuanzia Oktoba hadi Juni, kwa maandishi. Pandeni mihogo juu, mahindi katikati na chini, wekeni kopo la kupimia mvua, mpime kisima cha jirani kila mwezi. Kodi ya ekari moja ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya kununua ekari 5. Kama tangu Oktoba hadi Juni kisima cha jirani kimekuwa kikirudi kwa saa 3 na mkutano mkuu umewakubali, lipeni. Lile la ufukweni mkilitaka bado, lipeni kwa ekari zilizobaki baada ya mita 60 tu, na mjenge juu ya ile alama ya mita 4.